Kibao Chenye Tope: Historia Fupi ya Alama za Hatari Kwenye Malori

Hebu tuanze na swali ambalo dereva yeyote angeliuliza kwa hasira. Umeendesha usiku kucha kwenye theluji na tope. Breki zako nzima, taa zinawaka, karatasi za mzigo zipo. Asubuhi unaingia mizani, mkaguzi analizunguka lori mara moja, anasimama nyuma ya tela, anaanza kuandika. Kosa lenyewe: kibao cha hatari hakisomeki, kina tope.

Tope! Yaani tope nalo ni kosa?

Marekani, ndiyo. Na kama una ndugu au rafiki anayeendesha malori kule (wapo wengi waliotoka Kenya, Tanzania na Kongo), huenda umeshamsikia akilalamika kuhusu faini ya namna hii. Kwa haraka inaonekana kama uonevu wa trafiki aliyekosa kazi. Lakini ukiifuata historia yake unakuta kitu kingine kabisa. Kila neno la kanuni ile lina watu nyuma yake, na wengi wao ni wazimamoto waliokwenda kazini asubuhi wasirudi nyumbani.

Hoja ya makala hii ni moja tu, nayo tutaijenga taratibu: kibao cha hatari hakikuwekwa ili kutaja jina la mzigo. Kiliwekwa ili kukupa umbali. Chochote kinachokiziba, kiwe tope, turubai au ngazi, kinamlazimisha mtu mwingine asogee karibu ili asome.

Kwanza, kanuni yenyewe inasemaje?

Vibao tunavyovizungumzia ni vile vya mraba uliosimamishwa kwa kona moja, umbo la almasi, kila upande milimita 250. Chekundu ni cha vitu vinavyowaka, cha kijani ni cha gesi isiyowaka, cha bluu ni cha vitu vinavyoleta balaa vikilowa maji, cha rangi ya machungwa ni cha milipuko. Katikati au pembeni huwa kuna namba ya tarakimu nne. Kwa Marekani, lori lenye mzigo unaohitaji vibao huvaa vinne: mbele, nyuma, kulia na kushoto.

Kanuni ya shirikisho inayohusu kuonekana kwake ni fupi. Kibao kionekane wazi kutoka upande kinakotazama. Kisifunikwe na ngazi, mabomba, milango wala turubai. Kadiri inavyowezekana, kisiwekwe mahali ambapo matairi yanakirushia maji na uchafu. Kikae angalau milimita 76 mbali na tangazo lolote linaloweza kukipunguzia nguvu. Maneno na namba zisomeke kwa mlalo, kushoto kwenda kulia. Na mwenye gari akitunze, ili umbo, rangi na maandishi yake yasififie kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya kuchakaa, kuharibika au kufunikwa na uchafu.

Hicho kipengele cha mwisho ndicho kilichomkamata dereva wetu. Sasa tujiulize kilitoka wapi.

Sanduku lililovuja, San Francisco 1866

Tarehe 16 Aprili 1866, sanduku lilifikishwa kwenye ofisi ya kampuni ya usafirishaji ya Wells Fargo mjini San Francisco. Lilikuwa limekuja kwa meli kupitia Panama, na lilikuwa linavuja. Hakuna aliyejua ndani mna nini, kwa sababu nje halikuandikwa kitu cha kumtisha mtu. Wafanyakazi wakafanya ambacho mtu yeyote angefanya: wakachukua nyundo na patasi walifungue waone.

Ndani mlikuwa na nitroglisirini. Hii ni kemikali ambayo wakati ule ilikuwa mpya sokoni, na haihitaji moto ili ilipuke. Mgongano unatosha. Watu wapatao 15 walikufa.

Kesi iliyofuata ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1872 mahakama ikasema kitu kinachofikirisha. Kampuni haikujua kilichomo sandukuni, wala haikuwa na sababu ya kukishuku, kwa hiyo haiwezi kulaumiwa kwa uzembe. Msafirishaji halazimiki kufungua kila mzigo anaopewa. Ukiangalia vizuri, hukumu ile ilikuwa inaliacha swali zima mikononi mwa watunga sheria. Kama mbebaji halazimiki kufungua, basi lazima sanduku lenyewe liseme.

Bunge la Marekani lilikuwa limeshaliona hilo. Julai 1866, miezi mitatu tu baada ya mlipuko, lilipitisha sheria ya kusafirisha nitroglisirini: ifungwe kwenye chombo cha chuma, kizungushiwe plasta au kitu kingine kisicholipuka, na juu yake paandikwe jina lake pamoja na neno la kuonya kwamba ni hatari. Huo ndio ulikuwa mwanzo. Maneno mawili juu ya sanduku.

Ajali hazikuisha, bila shaka. Mei 1905 treni ya mizigo iliyokuwa na dainamaiti ililipuka karibu na Harrisburg, Pennsylvania, ikaua watu zaidi ya 20. Kampuni za reli zikaunda ofisi yao ya kusimamia usalama wa milipuko, ikaongozwa na afisa wa jeshi aliyeitwa Beverly Dunn, na mwaka 1908 Bunge likaifanya kazi hiyo kuwa ya kisheria. Kufikia hapo wazo lilikuwa limeshakubalika: mzigo wa hatari hutambulishwa kwa nje.

Lakini kutambulishwa kwa nani? Mpaka hapo, jibu lilikuwa mbebaji, yaani kuli, karani, fundi wa reli. Mtu wa zimamoto alikuwa bado hajafikiriwa.

Moshi mzuri wa Texas City

Turuke hadi mwaka 1947. Tarehe ileile, 16 Aprili, miaka 81 baadaye, kwenye bandari ya Texas City. Meli ya Kifaransa iliyoitwa Grandcamp imepakia tani zaidi ya 2,000 za amoniamu naitreti. Kwenye mifuko imetambulishwa kama mbolea, na kweli ni mbolea. Ila ikipata joto la kutosha huku imefungiwa, ni mlipuko.

Asubuhi moto ukaonekana ndani ya meli. Moshi wake ulikuwa na rangi ya machungwa ya kuvutia, na watu wakakusanyika bandarini kutazama. Kikosi cha zimamoto cha mji kikafika, kikaanza kumwaga maji. Saa 3 na dakika 12 asubuhi meli ikalipuka. Idadi ya vifo inayotajwa zaidi ni 581, na karibu kikosi chote cha zimamoto cha mji kilikuwa miongoni mwao.

Familia zilipoishtaki serikali iliyosimamia utengenezaji wa mbolea ile, moja ya hoja zao ilihusu maandishi ya kwenye mifuko: kwamba hayakutoa onyo la kutosha. Mwaka 1953 Mahakama ya Juu iliiondolea serikali lawama kwa kura 4 dhidi ya 3. Kisheria mambo yakaishia hapo. Ila kwa mtu anayezima moto, swali lilibaki palepale. Neno "mbolea" linamwambia mkulima anachokitaka. Linamwambia nini askari aliyeshika mpira wa maji?

Miaka 12 baadaye zamu ikafika kwa malori. Usiku wa tarehe 7 Agosti 1959, mjini Roseburg, Oregon, lori lenye tani 2 za dainamaiti na tani 4.5 za kemikali nyingine ya kulipulia miamba lilikuwa limeegeshwa kando ya duka la vifaa vya ujenzi. Dereva alikuwa amekwenda hotelini kulala. Jengo likashika moto, wazimamoto wakaja kukabiliana na jengo, na lori lipo hapohapo pembeni. Saa 7 na dakika 14 usiku likalipuka. Watu 14 walikufa na katikati ya mji ikabaki shimo. Leo dereva wa Marekani mwenye shehena ya milipuko mikali haruhusiwi kuliacha lori bila mtu wa kulilinda, na ukimuuliza mzee yeyote wa Roseburg atakuonyesha kwa nini.

Kujua jina hakutoshi

Hapa unaweza kusema: sawa, nimeelewa, tuandike majina makubwa na yaliyo wazi, tumalize. Kingman inasema hapana.

Tarehe 5 Julai 1973, mjini Kingman, Arizona, gesi ya propani ilishika moto wakati behewa la reli likipakuliwa. Wazimamoto waliofika walijua kabisa ni propani. Wakakaribia ili walipoze behewa kwa maji. Kilichotokea kinaelezeka kwa fizikia ya sufuria tu: gesi iliyogandamizwa ikawa kimiminika, ikipashwa moto, inachemka na kusukuma kuta za tanki, sehemu ya chuma isiyoguswa na kimiminika ndani inapata joto na kulegea, chuma kikipasuka, kimiminika chote kinageuka gesi kwa mara moja na kuwaka. Wazimamoto 11 walikufa. Watazamaji wengi waliokuwa wamesimama mbali barabarani walichomwa na joto.

Unaona tofauti? San Francisco hawakujua jina. Kingman walijua jina, ila hawakujua wakae mbali kiasi gani. Alama nzuri lazima itoe vyote viwili: hiki ni nini, na wewe usimame wapi.

Jibu lilikuja vipande vipande. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeanza kutoa mapendekezo yake kuhusu usafirishaji wa bidhaa hatari tangu mwaka 1956, na humo ndimo zinamotoka zile namba za tarakimu nne. Petroli ni 1203. Klorini ni 1017. Amonia isiyo na maji ni 1005. Uzuri wa namba ni kwamba haina lugha. Ukiiona 1203 kwenye lori la mafuta, uwe Ujerumani au uwe Chalinze, ni petroli. Ulaya walizichukua wakaziweka kwenye vibao vya rangi ya machungwa, wakaongeza namba ya pili juu inayoeleza aina ya hatari. Uingereza, kikosi cha zimamoto cha London kilibuni msimbo wake wa namba na herufi unaomwambia askari atumie nini kuzimia, avae nini, na kama afikirie kuwahamisha watu.

Marekani ilipitisha sheria yake kubwa ya usafirishaji wa vitu hatari Januari 1975, na mwaka 1980 ikaamua kuingiza namba za tarakimu nne kwenye mfumo wake. Mwaka huohuo kikatoka kitabu cha mwongozo wa dharura, kidogo cha kukaa kwenye gari la zimamoto. Matumizi yake ni rahisi: unasoma namba kwenye lori, unaitafuta kwenye kurasa za njano, inakupeleka kwenye mwongozo wenye kurasa mbili. 1203 inakupeleka mwongozo 128, na pale unakuta sentensi inayomhusu kila mtu aliye karibu: kama tanki lenyewe linaungua, tenga eneo la mita 800 pande zote.

Mita 800! Iweke akilini, maana sasa tunafika kwenye hesabu.

Hesabu ya jicho na tope

Jicho zima la binadamu linaweza kutenganisha vitu viwili vinavyoachana kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja. Ili usome tarakimu, mistari yake lazima ifikie kipimo hicho, na mstari wa tarakimu huwa takribani moja ya tano ya urefu wake. Kwa hiyo tarakimu nzima inahitaji dakika 5 za pembe. Wapimaji wa macho hospitalini wanatumia kanuni hiyohiyo kwenye lile bango la herufi.

Kanuni ya Marekani inataka tarakimu kwenye kibao ziwe na urefu wa milimita 88. Gawanya 88 kwa 0.00145, ambayo ndiyo thamani ya dakika 5 ukiigeuza kuwa uwiano wa urefu na umbali, unapata milimita kama 60,000. Yaani mita 60.

Basi! Kwa macho matupu, mchana kweupe, kibao kikiwa kisafi, mwisho wa kuisoma namba ni mita 60 hivi. Mwongozo unasema ukae mita 800. Pengo hilo ndilo linalofanya wazimamoto wahimizwe kubeba darubini. Darubini inayokuza mara 7 inakupeleka, kinadharia, mita 420. Ya mara 10 inakupeleka mita 600. Hapo hatujaweka moshi, usiku, wala mkono unaotetemeka. Rangi na umbo la kibao unaviona kabla ya namba, ndiyo maana vipo, vikupe dokezo la kwanza.

Sasa paka tope. Jicho linasoma kwa tofauti ya weusi na weupe, na tope linaiondoa tofauti hiyo. Tuseme uchafu umekupunguzia nusu tu ya umbali wa kusoma. Mwenye macho matupu sasa anatakiwa afike mita 30 ili ajue anakabiliana na nini. Na tope halina adabu ya kufunika tarakimu zote kwa usawa. Funika kidogo tarakimu ya tatu ya 1017, mtu wa mbali anaweza kuisoma 1077. Ya kwanza ni klorini, gesi ya sumu. Ya pili ni propilini, gesi inayowaka. Chafua ya mwisho, unasoma 1011, ambayo ni butani. Anayefikiri ni butani ataogopa cheche. Aliye kwenye klorini angepaswa kuogopa upepo.

Au chukua kibao cha bluu. Sodiamu ikikutana na maji hutoa haidrojeni na joto la kuiwasha. Kibao kikizibwa na turubai lililoning'inia, silaha ya kwanza ya zimamoto, maji, inageuka kuwa kuni.

Kwa hiyo ukimuona mkaguzi pale mizani anarudi nyuma hatua kadhaa kabla ya kuandika, usidhani anatafuta sababu. Anapima umbali.

Kibao kikiondoka mapema, au kikiondolewa makusudi

Historia haikuishia barabarani. Alfajiri ya tarehe 29 Novemba 1988, mjini Kansas City, Missouri, wazimamoto waliitwa kwenye eneo la ujenzi wa barabara. Waliambiwa kwa redio kwamba huenda kuna milipuko eneo lile. Mle ndani yalikuwemo matela yaliyotumika kama ghala la kemikali za kulipulia, na mama yao ni yuleyule wa Texas City, amoniamu naitreti. Tela likalipuka, wazimamoto 6 wakafa.

Tatizo lililoonekana ni hili: sheria za vibao zilikuwa za safarini. Mzigo ukishafika na kuwa wa ghalani, hakukuwa na sharti la kukiacha kibao pale. Mwaka 1994 mamlaka ya usalama kazini ya Marekani ikatoa kanuni: anayepokea mzigo wenye vibao avibakize mpaka chombo kisafishwe mabaki yake. Tanki tupu ambalo halijasafishwa bado linahesabika kuwa na hatari, maana mvuke wa petroli unaobaki unalipuka kuliko petroli iliyojaa.

Kisha, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, likaja swali la upande wa pili. Kama zimamoto anaweza kusoma kibao, mshambuliaji naye si anaweza? Mwaka 2004 serikali ya Marekani iliomba maoni kuhusu kuondoa vibao kwenye mabehewa ya gesi za sumu. Si swali la kijinga, na wala halikuwa na jibu jepesi. Wazimamoto walipinga kwa sauti kubwa. Hoja yao: shambulio ni jambo la kuwezekana, ajali ni jambo la kila mwaka, na sisi ndio tunaotangulia kufika. Vibao vikabaki.

Ukishaandikiwa, unafanya nini?

Turudi kwa dereva wetu mizani. Ameandikiwa. Hapa wengi huchanganya mambo, kwa sababu karatasi ni mbili na zina njia tofauti.

Ya kwanza ni ripoti ya ukaguzi. Hii inaingia kwenye mfumo wa shirikisho hata kama hukulipa senti. Dereva anatakiwa aifikishe kwa kampuni yake ndani ya saa 24, na kampuni ina siku 15 za kuthibitisha kwa maandishi kuwa kasoro imerekebishwa. Kosa hilo huhesabiwa kwenye alama za usalama za kampuni kwa miezi 24, likiwa na uzito mkubwa zaidi miezi 6 ya mwanzo. Na mwajiri mpya akiangalia historia ya dereva, anaona ukaguzi wa miaka 3 nyuma. Tope la asubuhi moja linaweza kukufuata kwenye usaili wa kazi.

Ya pili ni karatasi ya faini, ambayo ni ya mahakama ya jimbo. Ukiilipa, umekubali kosa. Ukiipinga ukashinda, ile ya kwanza haijifuti yenyewe! Lazima uombe marekebisho kupitia mfumo wa serikali unaoitwa DataQs, ukiambatisha uamuzi wa mahakama. Tangu Agosti 2014 utaratibu unaruhusu kosa lililofutwa mahakamani liondolewe pia kwenye rekodi. Wengi wanashinda kesi kisha wanasahau hatua hii.

Sasa, je, kuna cha kupinga? Wakati mwingine kipo. Kanuni inazungumzia kupungua kwa kiasi kikubwa, haizungumzii vumbi lolote lile. Kibao cha mbele kinaruhusiwa kukaa kwenye kichwa cha lori badala ya tela. Kwa hiyo picha ni ushahidi, na picha ya maana ni ile inayopigwa kabla hujafuta, kutoka mbali kidogo na usawa wa macho, ikionyesha upande mzima wa gari. Ukianza kwa kufuta, umefanya jambo jema kwa usalama lakini ushahidi wako umeondoka na kitambaa. Piga picha kwanza, futa mara moja baada ya hapo, halafu piga tena.

Na kama picha yenyewe inaonyesha namba haisomeki? Basi usitafute wakili wa kukutetea dhidi ya tope. Rekebisha, ripoti, na umwambie bosi wako ahamishe kile kishikio cha kibao kutoka nyuma ya tairi. Kampuni inayoandikiwa kosa hilohilo kila msimu wa theluji haina tatizo la madereva wachafu. Ina tatizo la mahali kibao kilipofungwa, na kanuni inamtaja mwenye gari waziwazi kuwa ndiye wa kukitunza. Mwaka 2012 Bunge liliweka kiwango cha juu cha adhabu ya kiraia kwa makosa ya vitu hatari kuwa dola 75,000 kwa kosa, na dola 175,000 pale penye kifo, majeraha makubwa au uharibifu mkubwa. Hakuna anayetozwa hivyo kwa tope la kawaida, lakini inaonyesha Bunge linaliona jambo hili kwa jicho gani.

Na kwetu?

Kanuni tulizozieleza ni za Marekani, faini zake ni za Marekani. Lakini namba ni zilezile, na fizikia ni ileile. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Pale hakuna aliyekosa kujua kuwa ni petroli. Harufu ilitosha. Kilichokosekana ni ile nusu ya pili ya ujumbe, ile ambayo Kingman nao hawakuwa nayo: kwamba jina hili lina umbali wake, na umbali wenyewe hauhesabiwi kwa hatua za miguu.

Kwa hiyo safari ijayo ukiwa kwenye basi, mkiwa nyuma ya lori la mafuta kwenye foleni, angalia nyuma yake. Tafuta namba ya tarakimu nne. Jaribu kuisoma kutoka ulipokaa. Kama unaisoma vizuri, dereva yule anakutendea wema ambao huenda hata yeye hajui ukubwa wake. Na kama kuna tope, na mmesimama, na utingo amechungulia dirishani, mwambie tu kwa upole: "Kaka, futa kidogo kile kibao."